Alivusha wageni barabara kuikwepa meza ya mama yake

Kila alfajiri kijana mmoja wa Dar es Salaam humbebea mama yake ndoo ya unga wa vitumbua hadi kituo cha daladala. Mama huloweka mchele mapema, akausaga, akauchanganya na tui la nazi, sukari, hiliki na hamira, kisha akauacha uumuke usiku kucha. Akifika kwenye kona yake karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja anawasha mkaa na kupaka mafuta vishimo vya chuma. Kufikia saa kumi na mbili na nusu foleni ya watu wa ofisini imeshajipanga. Chuma hicho ndicho kilichomsomesha kijana tangu baba yake alipofariki.

Saa mbili kijana naye huanza kazi. Anawatembeza wageni kwa miguu katikati ya jiji, wakionja vyakula vya barabarani. Wanaanzia Sanamu ya Askari, wanapita Mnara wa Saa, wanafuata Mtaa wa Uhuru mpaka Kariakoo. Njiani wanakunywa kahawa chungu kwa kashata, wanakula mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili, wanashushia juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Anawaeleza kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hadithi hiyo wageni huipenda.

Kabla ya kuondoka huwapa kanuni zake mbili. Kula kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Simama penye foleni, kwa sababu chakula chenye wateja hakilali. Ni kanuni nzuri, hata kwa sisi wenyeji.

Ila vitumbua aliwapeleka kula kwenye mgahawa wenye viti na feni, ambako vilikuwa vimekaa kabatini tangu asubuhi. Wakikaribia Mnazi Mmoja aliwavusha upande wa pili wa barabara. Alijiambia kwamba kwa mama hakuna pa kukaa, kwamba moshi ungewaumiza macho. Ukweli ni kwamba wageni walimwona mtu wa mjini, mwenye shati la pasi na Kiingereza kizuri, naye hakutaka waone kanga iliyorukiwa mafuta na kujua ametokea wapi. Mama aliwaona wakivuka, zaidi ya mara moja. Nyumbani hakuwahi kuligusa jambo hilo.

Siku moja mama mmoja wa makamo kutoka Ujerumani alisimama katikati ya safari. Alikuwa ameiona foleni. Akasema si ndivyo ulivyotufundisha, akavuka barabara peke yake, na wenzake wanne wakamfuata. Kijana akawakimbilia.

Mama alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti. Akainua uso, akamtazama mwanawe, akawatazama wageni.

"Karibu kaka," akasema. "Karibuni wageni."

Kaka! Mtoto aliyembeba mgongoni sokoni, leo anamkaribisha kama mteja yeyote, ili asimwaibishe mbele ya watu wake.

Wageni walikula wamesimama, wakipuliza vidole. Yule Mjerumani akataka kujua mama amefanya kazi hii miaka mingapi. Kijana akatafsiri, mama akajibu, miaka kumi na tisa. Ana watoto?

"Ninaye mmoja," mama akasema, macho kwenye chuma. "Yuko kazini."

Kijana akafungua mdomo kutafsiri, maneno yakakataa. Wageni walisubiri. Mwishowe akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu ana mtoto mmoja, na mtoto huyo ni yeye. Kisha akamgeukia mama.

"Shikamoo mama."

Alikwisha kumwamkia saa kumi alfajiri, nyumbani.

"Marahaba, baba. Umekula?"

Hakuwa amekula. Akapewa viwili kwenye karatasi, vya moto, akavila pale pale huku wale watano wakimwangalia.

Siku hizi kituo cha vitumbua ni hapo. Wiki za kwanza waligombana kuhusu hela. Mama alisema hawezi kumtoza mwanawe. Kijana alisema wageni wameshalipia chakula, na asipozipokea atakuwa anazila yeye. Hilo mama alilielewa haraka, ni mfanyabiashara. Anahesabu vitumbua vya wageni kimoja kimoja, anapokea hela yake, anarudisha chenji. Viwili vya kijana huwa kando kwenye karatasi, na hivyo havihesabu.