Dawa Iliyojificha Katika Samadi

Jina la Kongowea ni kongwe. Katika mapokeo ya Waswahili, hilo ndilo jina la mji wa kale wa Mombasa unaohusishwa na Mwana Mkisi. Leo jina hilo liko zaidi vinywani mwa wachuuzi kuliko mwa wanahistoria, kwani aliyevuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani hulikuta soko kuu ambamo matenga ya kuku na mafungu ya mchicha ni majirani. Ujirani huo una nasaba. Kuku huacha samadi, samadi huenda shambani, na shamba huirudisha sokoni kwa sura ya mboga. Mzunguko huu ni neema. Hata hivyo, historia ya ufugaji imedhihirisha kwamba neema hiyo yaweza kubeba sumu iitwayo aseniki.

Kisa chenyewe ni cha Marekani. Mnamo mwaka wa 1944, serikali ya huko iliidhinisha roksasoni, kemikali yenye aseniki, itiwe katika chakula cha kuku. Ilizuia koksidiosisi, maradhi ya matumbo yanayowaharisha kuku damu. Iliwanenepesha upesi na kuipa nyama rangi ya kuvutia. Wafugaji waliiita dawa. Sehemu yake kubwa, hata hivyo, ilitoka mwilini pamoja na kinyesi. Humo bakteria waliigeuza kuwa aseniki ya aina iliyo kali zaidi, na mvua ikaichukua hadi udongoni na majini. Mwaka wa 2011, baada ya uchunguzi wa serikali kuikuta aseniki ya aina hiyo katika maini ya kuku waliolishwa roksasoni, kampuni ya Pfizer ilisitisha kuiuza. Jimbo la Maryland liliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2012, na kufikia mwisho wa 2015 dawa ya mwisho ya jamii hiyo ilikuwa imeondolewa katika soko la Marekani.

Kisa hiki kina funzo la lugha pia. Neno dawa katika Kiswahili huponya na huua: ipo dawa ya kikohozi na ipo dawa ya panya. Aseniki nayo hubadilisha jina kila ihamapo. Dukani ni dawa, bandani ni chakula, shambani ni mbolea, kisimani ni maji. Majina hubadilika, yenyewe haiozi, kwa kuwa ni elementi. Samadi ikiozeshwa, harufu na vijidudu hupungua ilhali aseniki husalia. Ikichomwa, hubaki majivuni au hupaa na moshi. Hata kuyachemsha maji hakuiondoi.

Fauka ya hayo, aseniki iliyomo majini haina rangi, harufu wala ladha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita moja, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukibaini. Anayekunywa maji yaliyokipita mno kikomo hicho kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu. Pwani ina sababu ya kutahadhari, maana visima vingi vya bara ya Mombasa vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, nao hupitisha maji upesi. Kilichomwagwa juu hakikawii kufika chini.

Zipo njia za kuipunguza sumu iliyokwisha kuingia. Oksaidi za chuma huinasa majini, na jimbi liitwalo Pteris vittata huifyonza udongoni, kama ilivyobainishwa mwaka wa 2001. Lakini jimbi likivunwa, sumu imehama tu, haijaangamia. Njia ya hakika ni kuizuia isiingie guniani. Koksidiosisi yenyewe huzuilika kwa chanjo, kwa maranda makavu na kwa banda lisilosongamana.

Sheria ya Kenya ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, iliviweka vitu hivyo viwili chini ya paa moja. Hiyo ni busara, kwani chakula cha kuku cha leo ndicho mbolea ya kesho. Lakini sheria hailindi gunia ambalo mnunuzi hawezi kulisoma. Kibandiko kinachotaja viambato kwa lugha asiyoielewa mfugaji ni sawa na kutokuwapo. Waundaji wa istilahi za Kiswahili, ambao aghalabu hudhaniwa kuwa kazi yao huishia kamusini, wanayo kazi Kongowea: kumpa mfugaji jina la kila kilichomo guniani, ili aulize kabla hajalipa.