Ya na Za: Kisa cha Kibodi Mbili

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii imezoeleka mno katika insha za shule hata makali yake yakapungua, lakini kuna mwanafunzi mmoja wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili ambaye hawezi tena kuisikia bila kushtuka. Mwiba wake ulikuwa mdogo kuliko miiba yote: herufi mbili tu, Y na Z. Tende aliyoiota nusura imzuie kuvaa joho.

Mkasa ulianza mwaka wa 2019 kwa kikombe cha chai ya maziwa. Mwanafunzi huyo alikuwa amekamilisha sura mbili za tasnifu yake kuhusu hadithi za wanawake wazee wa Kilifi, na alikuwa akiingia katika sura ya tatu, iliyobeba matini zenyewe alizozinakili kutoka kwenye kinasasauti cha simu yake. Usiku mmoja kikombe kiliteleza, chai ikamwagikia tarakilishi yake ya kupakata, na kulipokucha kitufe cha A kilikuwa kimenata kwa sukari. Mwingereza akikosa A atababaika kidogo. Mswahili akiikosa amekuwa bubu, kwani hakuna herufi inayotumika zaidi yake katika lugha yetu.

Fundi alimwambia kuwa kibodi mpya ya ndani ingechukua majuma matatu kupatikana. Ili asipoteze muda, mwanafunzi alinunua katika kibanda kimoja jijini Nairobi kibodi ya mtumba ya kuchomeka kwa waya. Ilikuwa imara, nyeusi, na ya bei nafuu. Alipoitazama vizuri nyumbani ndipo alipoona kuwa ilitoka Ujerumani: mahali alipozoea kuiona Y palichapwa Z, na mahali pa Z palichapwa Y.

Siku ya kwanza kibodi hiyo haikufanya kazi kabisa. Alipofungua Msimamizi wa Vifaa aliona alama ya manjano kando ya jina lake, ishara kwamba kiendeshi hakikupakiwa sawasawa. Kiendeshi ni programu ndogo inayosimama kati ya kifaa na mfumo wa tarakilishi, mfano wa mkalimani kati ya wageni wawili. Mkalimani asipofika, wageni hubaki wakitazamana. Alikiondoa kifaa katika orodha, akachomoa waya, akauchomeka katika tundu jingine, akawasha tarakilishi upya. Mfumo ukajitafutia kiendeshi cha jumla, kibodi ikaamka. Kuanzia siku hiyo, kila hitilafu ya kibodi ilipotokea, mshukiwa wa kwanza alikuwa kiendeshi. Aliyeiba jana huitwa mwizi leo hata akiwa amelala kwake.

Hata hivyo, kuamka kwa kibodi hakukuwa kupona. Alipobonyeza kitufe kilichoandikwa Z, kwenye skrini ilitokea Y. Alipotafuta kibainishi cha kuandikia ng'ombe, akakibonyeza pale kilipochapwa, alipata mstari wa wima: ng|ombe. Alirudi kwa muuzaji, naye akamwongezea katika tarakilishi mpangilio wa herufi wa Kijerumani. Papo hapo kilichochapwa juu ya vitufe kikalingana na kilichotokea kwenye skrini. Mwanafunzi alishukuru, akalipa, akarejea kwenye hadithi zake.

Hapa yafaa msomaji afahamu jambo ambalo wengi wetu tunaotumia tarakilishi kila siku hatujapata kuelezwa. Kibodi haitumi herufi. Hutuma namba ya kitufe kilichobonyezwa, yaani mahali pake katika safu, na haijui wala haijali ni maandishi gani yamechapwa juu ya kitufe hicho. Kiendeshi huipokea namba hiyo na kuifikisha kwenye mfumo. Kisha mpangilio wa herufi, ambao ni jedwali lililohifadhiwa ndani ya tarakilishi, ndio unaoamua namba hiyo iwe Y au Z. Basi kuna mambo matatu: kifaa, kiendeshi na mpangilio. Kila kimoja kinaweza kuharibika peke yake, na dawa ya kimoja haikitibu kingine.

Majuma matatu yalipotimia, tarakilishi iliwekewa kibodi mpya ya ndani, yenye mpangilio wa Kiingereza tuliouzoea. Mwanafunzi aliichomoa ile ya Kijerumani akaitia kabatini. Kifaa kiliondoka, lakini mpangilio wa Kijerumani ulibaki ndani, kama mpangaji aliyehama akaacha ufunguo wake kwa jirani. Katika mfumo aliokuwa akiutumia, vidole vikigusa kwa pamoja vitufe vya Alt na Shift, tarakilishi huruka kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine kimyakimya. Vidole vya mtu anayeandika usiku wa manane hugusa mengi bila kukusudia.

Ghafla yalianza kuonekana maneno kama kayi, mweyi na myee. Na ng'ombe sasa akawa ngäombe. Mwanafunzi alikimbilia kwa mshukiwa wake wa zamani. Alikiondoa kiendeshi, akawasha tarakilishi upya, na tazama, kila kitu kikawa shwari. Hakujua kwamba kilichomponya hakikuwa kukiondoa kiendeshi bali kule kuwasha upya, ambako kulirejesha mpangilio wa kwanza katika orodha. Siku mbili baadaye ugonjwa ulirudi, naye akarudia dawa ileile. Alifanya hivyo mara tano au sita, kila mara akiamini kuwa amepata tiba, ilhali alikuwa mganga anayesifiwa kwa mvua iliyokuwa njiani.

Makosa aliyoyaona aliyasahihisha. Kayi ikawa kazi, mweyi ukawa mwezi. Hayo yalikuwa makosa yenye kelele, nayo jicho huyakamata. Lakini Kiswahili kina makosa yanayonyamaza. Katika ngeli ya I-ZI, herufi ya kwanza ya kihusishi na ya kimilikishi ndiyo inayobeba umoja na wingi: nyumba ya, nyumba za, siku yake, siku zake, ndoto yetu, ndoto zetu. Badilisha Y na Z, na hutapata neno lisilo na maana ambalo jicho lingelikataa. Utapata Kiswahili sanifu kisichokuwa kile kilichosemwa. Mjerumani aliyezipanga herufi zake alizingatia mahitaji ya lugha yake, ambayo huitumia Z mara nyingi kuliko Y. Hakuwa na habari za ngeli zetu, wala hatuwezi kumlaumu.

Sura ya tatu ilipomfikia msimamizi wake, ilirudi imejaa wino mwekundu. Aliitwa ofisini.

"Kijana, kazi hii umeiandika kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mtoto wa darasa la nne hawezi kuandika nyumba zangu imeanguka. Wewe umeandika hivyo, au mfano wake, mara ishirini na tatu. Sura mbili za kwanza ni za mtu mmoja. Hii ni ya mtu mwingine. Ni nani anayekuandikia?"

Hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo kwa mwanafunzi wa lugha. Akiambiwa hajui, anaweza kusoma. Akiambiwa si mkweli, asome nini? Alijitetea kwamba ni kiendeshi cha kibodi, na utetezi huo, hata masikioni mwake mwenyewe, ulisikika kama ule wa mtoto aliyesema daftari lake limeliwa na mbuzi. Msimamizi alimpa siku kumi alete maelezo au alete sura nyingine.

Aliyeufumbua mtego ni dada mmoja anayehudumu katika chumba cha tarakilishi cha maktaba. Mwanafunzi alimweleza habari ndefu ya viendeshi alivyoviondoa. Yule dada alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, tazama pembeni chini, mkono wa kulia. Unaona herufi gani?" Paliandikwa DEU. Akabonyeza Alt na Shift, pakawa ENG. Akabonyeza tena, DEU ikarudi. Kisha akafungua orodha ya lugha, akaufuta mpangilio wa Kijerumani, na kazi ikaisha kwa muda usiozidi dakika moja. "Kiendeshi chako hakijawahi kuwa na kosa," alisema, "ila siku ile ya kwanza."

Mwanafunzi hakufurahi kama alivyotarajia. Chanzo kilikuwa kimejulikana, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kuingia katika matini. Basi akaigeukia sarufi, naye akashangaa jinsi ilivyomfaa. Katika umoja, kiambishi cha kitenzi ni i-, ambacho hakina Y wala Z, kwa hiyo hakikuguswa na uhamisho wa herufi. Katika wingi ni zi-. Pale kilipogeuka yi- kilipiga kelele, naye alikuwa amekisahihisha. Kwa hiyo kila kitenzi kilikuwa shahidi mwaminifu. Penye nyumba zangu imeanguka, kitenzi kilishuhudia umoja. Penye nyumba yangu zimeanguka, kilishuhudia wingi. Upatanisho wa kisarufi, ambao wengi huuona kuwa mzigo wa mitihani, ulikuwa umeihifadhi kweli ndani ya sentensi iliyojeruhiwa.

Alimpelekea msimamizi wake maelezo hayo pamoja na tarakilishi. Aliurudisha mpangilio wa Kijerumani, akamwomba aandike mwenyewe nyumba yangu imeanguka. Mwalimu aliandika taratibu, kidole kimoja kimoja, akainua macho kwenye skrini: nzumba zangu imeanguka. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilikuhukumu kwa ushahidi niliokuwa nao. Nenda ukamalize."

Palibaki sehemu kumi na nne zisizokuwa na kitenzi cha kuzishuhudia. Sauti za jioni hiyo hazikuwepo tena, kwani simu iliibwa katika matatu kabla hajaweka nakala, na bibi msimulizi alikuwa amekwisha kufariki. Mojawapo ilikuwa nguzo ya uchambuzi wake. Katika hadithi ya mjane anayewagawia wanawe mali, mjane husema, "Nimewagawia kila kitu, ila nyumba zangu." Mwanafunzi alikuwa ameandika kurasa sita kuonyesha kwamba wingi huo ni dai la mwanamke kumiliki majumba katika jamii iliyomnyima urithi. Sasa hakuwa na hakika kama bibi alisema zangu au yangu.

Alifunga safari hadi Kilifi, kwa binti wa marehemu. Alimkuta uani akichambua mchicha. Baada ya pole na maamkizi alimwomba amsimulie hadithi ile, bila kumtajia neno analolitafuta. Mama yule aliisimulia kama alivyoirithi, na alipofika mahali penyewe alisema, "ila nyumba zangu." Mwanafunzi alishusha pumzi.

"Kumbe mjane alikuwa na nyumba nyingi, mama?"

"Nyingi zatoka wapi, mwanangu? Mbili. Hii ya makuti, na ile ya mchanga inayomngoja. Hizo mtu hawezi kumgawia mwanawe. Mama akifika hapo, alikuwa akiinamisha kichwa."

Herufi ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni msomaji wake. Kurasa sita zilifutwa, zikaandikwa mbili badala yake, nazo msimamizi alizitaja baadaye kuwa ndizo bora katika tasnifu nzima. Kati ya zile sehemu kumi na nne, tisa zilipata jibu katika safari hiyo. Tano zilizosalia aliziandika kwa namna mbili, ya na za, pamoja na maelezo ya kwa nini hakuchagua.

Kisa hiki kina mafunzo kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, unapobadilisha kibodi, jiulize maswali matatu kwa mpangilio: je, kifaa ni kizima? Kichomeke katika tarakilishi nyingine. Je, kiendeshi kimepakiwa? Tazama kama kuna alama ya onyo. Je, mpangilio ni upi? Tazama herufi zilizo pembeni mwa skrini kabla hujaandika hata neno moja, na ufute mipangilio usiyoihitaji. Pili, dawa ikiponya kwa siku mbili tu, usiisifu. Tafuta ni kipi kingine ulichokigusa ulipokuwa ukiitumia. Tatu, hifadhi sauti za wasimulizi mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa simu huibwa na wazee hufa.

Tena kuna jambo la jumla zaidi. Mpangilio tunaoutumia ulitokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Marekani, iliyoanza kuuzwa na Remington mwaka wa 1874. Wajerumani waliurekebisha ukafuata lugha yao. Wafaransa nao wakaugeuza, na ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanaotumia kibodi za Kifaransa hukuta A imehama na W imebadilishana na Z. Waswahili tuliupokea kama ulivyo. Juhudi za kukiweka Kiswahili ndani ya tarakilishi zimekuwapo, mfano ni mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, lakini vitufe vyenyewe bado vinafuata mpango wa wageni. Si lazima tuvibadilishe. Ila ni lazima tujue kwamba chini ya kila kidole kuna jedwali lililotungwa na mtu aliyekuwa akifikiria lugha nyingine.

Ile kibodi ya Kijerumani haikutupwa. Imewekwa juu ya kabati la vitabu katika chumba cha mwanafunzi huyo, na kila anapomaliza kuandika ukurasa huiinulia macho, kisha huusoma ukurasa wake tena kwa sauti.