Kontena au vifurushi? Seva ya kliniki imenifunza

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenizonga. Leo nina kisa cha seva.

Hapa Eldoret kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta si jambo geni. OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza kazi hapa hapa Februari 2006, katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi. Mimi sikuwemo. Mimi natunza tu seva ya kliniki moja ndogo inayotumia programu hiyo: kompyuta kuukuu chini ya meza ya mapokezi, na betri ya akiba kwa siku stima ikipotea.

Kila kitu nilikiweka kwa vifurushi vya Debian: Java, Tomcat 9, MariaDB. Nilipenda hivyo. Amri moja ya apt, na viraka vya usalama vinaingia kote, kwa bando dogo.

Jumapili moja mwaka 2024 nikaamua kupandisha Debian 11 iwe 12. Apt ikanionyesha orodha ndefu ya vitakavyoondolewa. Nikajibu ndiyo bila kusoma. Kumbe Debian 12 haina tena seva ya Tomcat 9, ina Tomcat 10. Na Tomcat 10 ilibadilisha majina ya ndani ya Java kutoka javax hadi jakarta, hivyo programu iliyoandikwa kwa majina ya zamani haiwaki. Nikaweka Tomcat 10, nikaona ukurasa wake wa kukaribisha, nikaenda kulala. Sikufungua OpenMRS yenyewe.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Kijana wangu, mashine imekataa. Watu wamejaa."

"Pole sista, nakuja sasa hivi."

Nilimkuta akiandika kwenye daftari. Mbele yake mama na mtoto ambaye penisilini humdhuru. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kompyuta tu. Bahati nzuri mama mwenyewe alilikumbuka. Je, kama mtoto angeletwa na shangazi? Sijaacha kuliwaza swali hilo. Kosa halikuwa la Debian, maana mabadiliko yalikuwa yameandikwa. Kosa lilikuwa langu.

Saa tano nilikuwa nimeiwasha tena, kwa kontena. Docker, iliyotoka mwaka 2013, hukuruhusu kufunga programu pamoja na maktaba zake zote. Nikavuta Tomcat 9 na Java yake, mamia ya megabaiti kwa simu yangu, nikaitia OpenMRS ndani. Debian ya nje ibadilike itakavyo, ndani ya kontena hakuna kinachosogea.

Basi vifurushi kwaheri? La. Kontena hubeba maktaba zake, na hubeba mashimo yake pia. Mwaka 2014 OpenSSL ilipopatikana na shimo la Heartbleed, apt iliziba kwa amri moja kwenye mfumo mzima. Maktaba iliyo ndani ya kontena apt haiigusi. Ni lazima mtu avute toleo jipya na kuiwasha upya, na mtu huyo ni wewe.

Tena kuna hili. Nikijaribu nyumbani kwa data ya uongo, niliiweka hata hifadhidata kwenye kontena. Nikaandika docker compose down -v nikidhani nasafisha tu. Ile -v ilifuta na voliumu. Hifadhidata yote, kwa herufi moja!

Kwa hiyo sasa nimegawa. MariaDB imebaki kwenye vifurushi vya Debian, kwenye folda ninayoijua. Programu iliyo na masharti mengi ya matoleo iko kwenye kontena. Kila usiku nakala ya data hutolewa, na kila mwezi nairudisha kwenye kompyuta nyingine nione kama inafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Watu hubishana kontena au vifurushi kama Gor na Ingwe. Mimi najiuliza mambo mawili: data iko wapi, na ikiharibika Jumatatu asubuhi nitairudisha kwa dakika ngapi? Jibu langu leo ni arobaini. Nimelibandika juu ya meza ya sista, pamoja na nambari yangu.

Haya, tuonane wakati mwingine.