Redio ya Gari na Msiba wa Jipe

Tuzungumzapo utamaduni wa taifa, aghalabu twataja ngoma, mavazi, mapishi na hadithi za wazee. Ni nadra kumsikia mtu akitaja waya. Hata hivyo, sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, twaijua mila moja iliyozaliwa mbele ya macho ya wazazi wetu, nayo ilitegemea waya na betri: mila ya kuarifiana misiba kwa redio.

Kabla ya hapo habari ya kifo ilichukuliwa na mjumbe. Alitoka ufukweni alfajiri, akapanda milima kwenda Usangi au Ugweno, au akaizunguka kuelekea Same, na kila nyumba aliyoipitia ilimpa maji ya kunywa kwanza, ndipo ikamwuliza. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kuanzia mwaka 1965 ukajulikana kwa jina la Redio Tanzania. Mwaka 1973 ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa muda wa majuma 12, wakisikiliza redio na kujadiliana juu ya vyoo, maji na malaria. Watu waliozoea kuikalia redio namna hiyo hawakuona taabu kuikabidhi na misiba yao. Mfiwa alikwenda posta na karatasi yenye jina la marehemu, majina ya ndugu walio mbali, na mahali pa mazishi. Tangazo liliposomwa, mji mzima ulinyamaza. Hata watoto walifundishwa kutotia neno wakati ule, maana jina litakalotajwa huenda likawa la nyumba hiyo hiyo.

Mwaka 1986 tulikuwa kidato cha tatu, na likizo ilitukuta tukiwa utingo katika lori la mjomba. Lilikuwa Scania lililokwisha kula chumvi nyingi, nasi tulichukua jasi kutoka Makanya na kuipeleka Tanga. Miaka ile vitu vilikuwa haba. Sabuni ilitafutwa, sembuse redio ya gari. Mjomba alipoipata moja mjini Moshi, iliyong'olewa katika gari dogo lililokwisha kufa, aliifunga katika kanga kama mtoto mchanga. Kabla haijafungwa garini, tayari alikwisha kwenda Jipe kujisifu kwa mama yake, yaani bibi yetu mzaa mama. Tulikuwapo alipomwambia, "Mama, sasa hata nikiwa Tanga, ukinihitaji nitasikia." Bibi alikuwa akipanga perege juu ya uchaga wa kukaushia, akacheka, akauliza kama redio hiyo itamletea na chumvi.

Kazi ya kuifunga tuliiomba wenyewe. Mjomba hakusita, kwani katika ukoo sisi ndio tuliosoma.

Hapa hatuna budi kuwaeleza wasomaji, hasa wanafunzi, jinsi mambo yalivyo ndani ya lori. Gari dogo lina betri moja ya volti 12. Malori mengi makubwa yana betri mbili za namna hiyo zilizounganishwa mfululizo, chanya ya moja na hasi ya nyingine, na jumla yake ni volti 24. Redio ya gari dogo huhitaji volti 12. Mtu atakaye kuifunga katika lori hutumia kifaa cha kupunguzia volti. Mafundi wengine huchukua umeme wa betri moja tu, ile ambayo hasi yake imeshikamana na bodi. Njia hii ya pili huliza redio, lakini betri hiyo huchoka kabla ya mwenzake: yenyewe hutumika zaidi, na jenereta huzichaji zote mbili kwa kiasi kimoja.

Haya yote tulikuwa tumefundishwa. Muhula ule ule katika mtihani wa fizikia lilitoka swali la betri zilizounganishwa mfululizo, nasi tulipata alama zote. Lakini elimu ya daftari ilikuwa haijashuka mikononi. Usiku ule mjini Same, mjomba akiwa hotelini anakula, tulishika tochi kwa meno, tukaunganisha waya mweusi na bodi, na waya wa moto tukaupachika katika fyuzi ya kwanza tuliyoiona. Taa ya redio iliwaka kwa mng'ao mkali mno. Spika ilitoa mlio mmoja tu. Kisha moshi mwembamba ukachungulia katika matundu, na harufu yake hatujaisahau mpaka leo. Fyuzi haikukatika hata kidogo, na ndipo tulipojua kwamba fyuzi hulinda waya usiungue. Wajibu wa kuilinda redio na volti isiyo yake si wa fyuzi.

Tulikuwa na dakika chache za kufikiri kabla mjomba hajarudi. Hatukuzitumia vizuri. Tulipeperusha moshi kwa kofia, tukafungua milango yote miwili, na alipofika tukamwambia, "Mjomba, walikuuzia kitu kibovu."

Akaamini. Aliing'oa redio, akaifunga tena katika kanga, akaiweka nyuma ya kiti ili siku moja aende Moshi kumrudishia aliyemwuzia. Asubuhi tulishika njia ya Tanga.

Huko tulikaa siku nne tukingoja zamu ya kushusha. Tulilala chini ya lori, tukacheza bao na madereva wengine, tukala mihogo. Redio zililia katika vibanda vya chai, lakini nani akaaye kibandani kutwa nzima? Siku ya tano tukarudi. Tulipoingia Same magharibi, dereva mmoja aliyetufahamu alivuka barabara, akamshika mjomba mkono kwa mikono miwili, akasema, "Poleni sana na msiba."

Mjomba akauliza, "Msiba gani?"

Wasomaji wetu, tumeishi miaka mingi, tumehudhuria misiba mingi, na kwa kazi yetu ya utumishi tumewahi kupeleka habari mbaya kwa watu. Hatujapata kuona uso kama ule wa dereva yule alipotambua kwamba yeye ndiye mjumbe. Tangazo lilikuwa limesomwa jioni mbili, na jina la mjomba lilitajwa la kwanza miongoni mwa watoto wa marehemu. Same nzima ilikuwa imesikia. Bibi alikuwa amezikwa jana yake.

Kule Jipe walimngoja hadi siku ya tatu. Hapakutumwa mjumbe wa kututafuta, ingawa vijana wenye miguu walikuwapo, kwani mzee wa ukoo alisema hapana haja: mwana ana redio ndani ya gari, mama mwenyewe amekwisha kutuambia. Tulipofika tuliulizwa, "Hamkusikia redio?" Mjomba akasimama mbele ya wazee, kichwa wazi, akajibu kwamba aliuziwa kitu kibovu. Alirudia maneno yetu kama yalivyo. Sisi tulikuwa nyuma yake, tukitazama matete.

Baada ya matanga alikwenda Moshi, nasi tukafuatana naye. Mwenye kuuza aliapa kwamba redio ilikuwa ikilia vizuri siku aliyoitoa. Aliitwa mwongo mbele ya wateja wake, akarudisha nusu ya fedha ili apate amani. Alikuwa mtu mzima, wa umri wa mjomba. Hatukusema neno.

Tungalipenda kusimulia kwamba tulikiri mwaka uliofuata, au tulipoanza kazi, au tulipooa. Haikuwa hivyo. Tulitunga mashairi juu ya ukweli, mengine yakasomwa shuleni, na jambo hili likabaki nyuma ya kiti.

Mwaka 2023 tulinunua gari, Toyota iliyokwisha kutumika Japani. Kama wengi wajuavyo, magari hayo hutufaa kwa kuwa Wajapani nao hupita upande wa kushoto, na usukani uko kulia kama wetu. Jambo moja tu halikubaliani na nchi yetu, nalo ni redio. Kwa miaka mingi masafa ya FM kule Japani yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, baadaye yakaongezwa hadi 95. Huku kwetu yanaanzia 87.5 na kufika 108. Basi redio ya gari letu ilipekua sehemu ile ambako kwetu hamna kitu, ikarudi mikono mitupu, na juu ya kioo chake ikaandika kwa Kijapani maneno ambayo tuliambiwa yanadai kadi ya ramani. Kuna kijisanduku ambacho mafundi hukifunga kwenye waya wa eriali ili kuyashusha masafa yetu yaingie katika masafa ya Kijapani. Tulikikataa. Kikifungwa, namba isomekayo si namba ya stesheni, nasi tulikwisha kuchoka na redio zinazosingiziwa.

Tulikwenda kwa fundi mmoja mjini Same, kijana ambaye angeweza kuwa mwanetu wa mwisho, tukiwa na redio mpya. Alitwamkia, nasi tukamwomba ruhusa ya kufanya kazi naye. Jambo la kwanza alilofanya ni kuondoa waya wa hasi katika betri. Kisha akang'oa dashibodi pole pole, akatuonyesha waya za redio mpya: njano ni umeme wa kudumu, unaoifanya redio ikumbuke saa na stesheni, nyekundu hupata umeme ufunguo unapozungushwa, nyeusi ni bodi. Spika nne zina jozi nne, nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, na kila waya una mwenzake wa rangi ile ile mwenye mstari mweusi. Sisi tunaotunga mashairi tulifurahi kuona vina hata humo.

Lakini tulipotaka kutafuta waya wa njano upande wa gari, kijana akatuzuia. "Mzee, rangi za gari na rangi za redio hazisemi lugha moja." Kweli, katika gari letu umeme wa kudumu ulikuwa katika waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ulikuwa wa kijivu, na wa bodi ulikuwa wa kahawia. Yule wa kijivu tungeweza kuuunganisha na spika kwa kufuata rangi tu! Alipima kila mmoja kwa mita, ufunguo ukiwa umefungwa, kisha ukiwa umefunguliwa, akatusomea namba kwa sauti. Alisoma kumi na mbili nukta sita. Tulimwomba aisome tena, naye akaisoma bila kuuliza sababu.

Alitukanya jambo moja zaidi. Zamani waya mmoja wa spika uliweza kufungwa kwenye bodi. Katika redio nyingi za sasa jambo hilo ni hatari, kwa sababu nyaya zote mbili za spika hubeba umeme kutoka katika redio, na mmojawapo ukigusa bodi redio huweza kuungua. Mkono wetu ulikuwa tayari umeelekea huko.

Juma lililofuata tulimchukua mjomba kumpeleka Jipe. Amezeeka, macho yamepungua, lakini masikio yangali mazima. Tulipoiacha barabara kuu na kuanza kuizunguka milima, alinyoosha kidole akaigusa redio, akauliza nani aliyeifunga. Tukamwambia ni fundi, nasi tulikuwa utingo. Kisha tukamwambia yote: fyuzi ya kwanza tuliyoiona, moshi, kofia, milango miwili, na maneno tuliyomwambia.

Alikaa kimya mpaka milima ikahamia upande wetu wa kulia.

"Ungeniambia usiku ule ningekuchapa," alisema hatimaye. "Kisha ningekwenda kwa fundi. Tanga tulikaa siku nne, mpwa wangu. Tanga ilijaa mafundi wa redio. Niliiacha nyuma ya kiti kwa sababu uliniambia ni kitu kibovu."

Kwa miaka thelathini na saba tulikuwa tumejilaumu kwa waya.

Hatukuwa na jibu, na yeye hakungoja jibu. Baadaye kidogo akasema, "Yule mtu wa Moshi alikwisha kufa," akageuza uso dirishani.

Ziwa lilionekana, au tuseme yalionekana matete, kwa maana sehemu kubwa ya ufuko sasa yameifunika, na maji hung'aa mbali upande wa Kenya. Redio ilikuwa ikijitafutia yenyewe, ikipanda namba kwa namba, ikasimama penye sauti ya mtu asomaye habari kwa Kiswahili. Mjomba akauliza huyo ni wa wapi. Tukamwambia, kwa lafudhi yake, ni wa ng'ambo. Akasema tumwache aendelee.

Tulifika karibu na makaburi habari zingali zikisomwa. Tulizima injini, tukaiacha redio. Mjomba alibaki ameketi, mikono juu ya mkongojo, akisikiliza mambo ya kaunti asizozijua na bei ya mahindi ya watu wengine, mpaka msomaji alipomaliza na kuaga. Ndipo alipofungua mlango.