Baridi ya Barabara ya Djugu

Sisi watu wa Bunia, theluji tunaijua kwa vitabu na kwa simu tu. Hata ile ya Ruwenzori, kule kusini yetu, penye kilele cha mita 5.109, wengi wetu hatujaigusa. Ndugu walio Canada wakitueleza namna masikio yanavyowauma, tunawapa pole. Lakini tusiseme kwamba hatujui utamu wa safari ya baridi. Tunao wa kwetu.

Ukishuka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, unatoka jasho. Ukipanda barabara ya taifa namba 27, Iga-Barrière, Djugu, Fataki, ukielekea Mahagi, kila kilima kinakudai koti. Tulipokuwa wanafunzi, tulipanda juu ya malori saa kumi na moja ya asubuhi, tukakaa juu ya magunia ya chumvi. Ukungu ulifunika mabonde; ng'ombe tuliwasikia tu, hatukuwaona. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Mwenye bulangeti hakulivaa peke yake: alilitandaza, watu wanne wakaingia chini yake, na hakuna aliyeuliza kabila la mwenzake. Tulicheka ovyo, meno yakigongana. Na lile joto la bega la mtu usiyemjua, hatujalipata tena katika gari lenye viti vizuri.

Tulipofika, wenyeji walikuwa na desturi yao. Mgeni aliyetoka katika baridi hakuulizwa neno. Mama wa nyumba alisukuma kuni, akasema: «Kuya kwanza ku moto, habari itakuya nyuma.» Halafu chai, halafu viazi vya moto. Jina lako lilijulikana kisha umekula.

Vita vya 1999 hadi 2003 viliharibu desturi hiyo. Watu walijifunza kuuliza jina mbele ya kutoa kiti. Nasi tulijifunza vilevile, tusijifiche. Usiku mmoja wa mwaka 2003, mvua ikinyesha, mzee mmoja alisimama mlangoni petu hapa Bunia, amelowa, anatetemeka. Makala yalikuwa yanawaka. Tulimwuliza: «Jina lako nani? Unatoka wapi?» Alitutazama, akaelewa, akachukua kikapu chake, akaenda zake. Hatukumwita.

Tangu Desemba 2017 mapigano yalirudi Djugu, na njia ile ya furaha ikawa tena njia ya kukimbia. Watu wengi walishuka kutoka vilima vile vya baridi, wakafika Bunia bila hata bulangeti. Ndipo tulipomkumbuka sana yule mzee.

Basi nyumbani kwetu tumerudisha sheria ya zamani. Mtu akibisha usiku wa baridi, mtoto anasogeza mbabula kwanza. Habari tunauliza nyuma. Pengine watoto wetu nao siku moja watapanda Fataki asubuhi, chini ya bulangeti la mtu wasiyemjua.