Pepo za Sukuma

Mwezi Julai nilipiga hema juu ya kilima cha Bujora, hapa Kisesa, pamoja na mjukuu wangu aliye kidato cha tatu. Wengi wanakijua kilima hicho kwa Makumbusho ya Wasukuma na kwa ngoma za Bulabo, ambamo Bagika na Bagalu hushindana. Sisi hatukufuata ngoma. Mjukuu alitaka kulala hemani, nami nilitaka kumwonyesha kwamba mzee wa miaka 65 bado anaimudu baiskeli.

Asubuhi tuliteremka hadi barabara kuu iendayo Musoma, tukashika njia ya Nyanguge. Hewa ilikuwa imetulia. Tulipogeuza, saa saba mchana, mambo yalikuwa yamebadilika. Upepo ulitoka ziwani, kuliani kwetu, ukatupiga ubavuni. Barabara ilipopinda kidogo ukatujia usoni. Kila lori lilipopita lilitukinga kwa sekunde chache, kisha upepo ukarudi ghafla na usukani ukataka kuniponyoka. Mara mbili nilishuka nikakokota baiskeli. Mjukuu alinisubiri mbele bila kusema neno, na kwa adabu hiyo nilimshukuru.

Usiku, tukiwa tumelala, turubai likaanza kupigapiga upande wa pili. Mjukuu akasema, "Babu, mchana ulitoka sukuma, sasa unatoka dakama."

Alisema hivyo kama mtu atajaye saa. Kwa Kisukuma, lugha ya mama yake, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Ndiyo maana Wasukuma wakaitwa hivyo, watu wa kaskazini. Hilo nimelijua kwa miaka mingi. Lakini usiku ule maneno yake yalinirudisha kwenye daftari moja la mwaka 1991.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Nilipokuja kufundisha huku bara nilikuja na pepo zangu: kaskazi, kusi na matlai. Kwetu pwani hata pande za dunia zimechukua majina kwa pepo: kaskazini ni kule itokako kaskazi, kusini ni kule itokako kusi. Niliwafundisha hayo wanafunzi ambao hawajaiona bahari, nao wakayakariri. Siku moja kijana mmoja mkimya akaniletea tarbia aliyoitunga kwa hiari yake, si kazi ya darasa. Ilianza hivi: "Pepo za sukuma zaja." Nilikata neno lile kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Sukuma ni kitenzi. Andika kaskazi." Aliipokea kazi yake akasema, "Ahsante, mwalimu." Hakuniletea shairi jingine hadi alipomaliza shule.

Hemani nilihesabu makosa, nayo hayakuwa yake.

Kwanza, neno lake lilikuwa nomino, tena nomino kongwe, katika lugha ya watu waliotuzunguka. Mimi nilisikia kitenzi kwa sababu sikuwa na sikio jingine.

Pili, upepo wake haukuwa kaskazi. Kaskazi ni upepo wa msimu, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni. Upepo wa hapa ni wa kila siku. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupaa, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka. Kijana aliandika alichokiona. Mimi nilimpa upepo wa kitabuni.

Tatu, na hili mtunzi yeyote atalihisi, kipande chake kilikuwa na mizani 8 kamili. Kaskazi, ukiihesabu ile s peke yake kama nilivyokuwa nikifundisha, ina mizani 4. Sahihisho langu lilikipa kipande mizani 9. Nililiharibu shairi kwa kanuni zangu mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba katika miaka ileile nilikuwa nikifundisha kwa fahari jinsi Kiswahili kinavyokua kwa kupokea kutoka lugha za bara. Mfano wangu ulikuwa kung'atuka, neno la Kizanaki alilotupatia Mwalimu Nyerere. Neno likiletwa na Rais nililipokea. Lililetwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, nikalikata.

Sisemi kila neno la kila lugha liingie katika shairi pasipo kupimwa. Usanifu una kazi yake, na msomaji wa Lamu au Kigoma ana haki ya kuelewa. Lakini kabla ya kukata lipo swali ambalo mwalimu hapaswi kuliruka: "Hapa ulikusudia nini?" Sikuliuliza. Angenijibu kwa sentensi moja, nami ningejifunza mwaka ule nilichojifunza nikiwa nimechoka miguu.

Nilimsimulia mjukuu yote. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Ulimwomba radhi?"

Nikamwambia sijui aliko. Atakuwa mtu mzima sasa, pengine ana watoto shuleni. Kama bado anatunga, na kama maandishi haya yatamfikia, namwambia hadharani, kwa kuwa nilimkosoa kwa maandishi: mwanangu, pepo zako zilikuwa za sukuma, na mizani zako zilitimia.