Mshumaa wa Minnesota, Jiwe la Tabaka

Hapa Brooklyn Park, Minnesota, mtu huzima taa kwa makusudi ili awashe mshumaa. Nilipomwonyesha mama kwa simu mishumaa niliyotengeneza jikoni, aliitazama weee, kisha akauliza kutoka Nyamira: "Kwani, baba, huko nako stima zimepotea?"

Ana haki kuuliza. Sisi tuliosomea kwenye koroboi tunajua gharama ya moto: usiku unakazana na hesabu, asubuhi unapenga kamasi nyeusi kwa masizi. Ni nani aliyetoka huko akatamani kurudi?

Mimi natumia nta ya soya, zao linalolimwa kwa wingi jimbo hili. Sufuria ndogo yenye nta naitia ndani ya kubwa yenye maji, maana nta haiwekwi juu ya moto hivihivi. Ikilipuka usiimwagie maji, ifunike. Utambi wa pamba unasimamishwa kwa kijiti kilicholazwa mdomoni mwa kopo. Shughuli yenyewe iko kwenye huo utambi: ukiwa mnene unafuka moshi, ukiwa mwembamba unazama ndani ya nta iliyoyeyuka na kuzimika.

Wakisii wenzangu wa huku, wengi wakitoka zamu za kutunza wazee, wanapenda ya harufu ya vanila. Siwacheki tena. Desemba jua linazama saa kumi na nusu. Ijumaa, Sabato inaingia Waadventista wengine wangali kazini. Nyumbani jua hungoja mpaka saa kumi na mbili u nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Giza la mapema namna hii humfanya mtu atake moto mezani hata akiwa na balbu kila chumba.

Kuna wanaonihimiza nikafundishe vijana ufundi huu nyumbani. Sioni faida. Stima zikipotea Kebirigo, watu wanataka mshumaa mweupe wa dukani au taa ya sola, si nta iliyovuka bahari. Nta ya nyuki ni nzuri, ila mzinga hutoa kidogo mno ukilinganisha na asali.

Pesa naiona kwenye jiwe. Tabaka, upande wa Kisii, mafundi huchonga vinara vya mishumaa kwa jiwe la sabuni. Akina mama hulipiga msasa kwa maji mpaka liteleze, kisha linapakwa nta ling'ae. Vinara hivyo nimevikuta madukani huku, chini vimeandikwa Kenya tu. Tabaka haitajwi, sembuse mchongaji.

Basi nimemwagiza fundi mmoja vibakuli vya mawe nitakavyomiminia nta, kila kimoja kikiwa na jina lake chini. Jina amelikubali mara moja. Tunachobishania ni nauli: ndege hutoza kwa kilo, na jiwe ni jiwe.